Siku Papa Nicolas Alipopokonya Chetezo

Mimi nilikuwa kwenye kwaya siku ile, sauti ya pili, nimesimama na wenzangu kwenye ngazi za kanisa tukingoja kuwaimbia maharusi waingie garini. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Niliona kwa macho yangu mtu mpole kuliko wote tuliowajua akimrukia katekista mbele ya padri. Baadhi ya wenzangu wa kwaya hadi leo hawapendi kuizungumzia siku ile.

Mtu huyo aliitwa Papa Nicolas Mulolwa, na papa kwetu ni baba tu. Alikuwa Mtabwa wa huko Moba, aliyeshuka mjini akiwa kijana kutafuta kazi, siku mji wetu ungali ukiitwa Albertville. Reli ilimchukua kwenye karakana, akawekwa kwenye breki za mabehewa. Alikaa huko miaka mingi, mikono ikawa migumu na maneno yakazidi kuwa machache. Alikuwa mkimya kiasi kwamba mkikutana njiani ukimsalimu, mke wake Mama Angélique ndiye aliyekujibu.

"Habari ya Papa?"

"Iko muzima, anasema aksanti," Mama Angélique angesema, na yeye Papa Nicolas angetikisa kichwa tu, akitabasamu upande mmoja wa mdomo.

Wakati wazungu walipokimbia mwaka wa 1960, mwashi mmoja Mwitalia, ambaye Papa Nicolas alikuwa akimtengenezea mashine ya kuchanganya saruji siku za Jumapili, alimkuta bandarini akamtupia ufunguo wa gari. Meli ya Kigoma ilikuwa inapiga honi. "Shika, Nicolas. Nikirudi utanipa." Hakurudi. Gari lenyewe lilikuwa Fiat ndogo ya kijivu, na ndani yake mlikuwa na kitu ambacho hakuna mtu wa Albertville aliyepata kukiona: halikunywa esansi, yaani petroli, peke yake, liliweza kutembea kwa gesi, ile ile ya chupa ambayo mabibi wa kizungu walipikia. Mwitalia alivileta vyombo vyake kutoka kwao. Chupa ililazwa katika sanduku la nyuma, ikafungwa kwa mikanda ya chuma, na bomba jembamba likapita chini ya gari hadi kwenye motere, yaani injini.

Mwanzoni gari lilikaa uani likafunikwa maturubai. Lakini vita vya Katanga vilipokata njia, na gari-moshi la kutoka Kabalo likawa linafika likipenda, esansi ilikauka mjini. Magari ya wakubwa yalisimama barabarani kama ng'ombe waliolala. Hapo Papa Nicolas akaenda kwa rafiki yake Salomon, mfanyabiashara wa pale karibu na bandari, aliyekuwa na ghala la vitu vilivyoachwa na wazungu, na chupa za gesi zikiwa zimepangwa humo hadi darini, maana mabibi waliozipikia walikuwa wamevuka ziwa. Kesho yake watu wa mtaa wa reli waliona Fiat ya kijivu ikipanda mlima bila tone la esansi.

Mshangao wa siku ile! Wanawake waliacha beseni zao za dagaa wakaja kuangalia. Mzee mmoja alizunguka gari mara kadhaa, akainama kutazama chini, kisha akauliza moto uko wapi. "Anatembea na jiko!" watoto walipiga kelele wakilifuata. Tangu siku hiyo likaitwa Jiko, na Papa Nicolas akawa dereva wa mji mzima. Alibeba wagonjwa, alibeba wajawazito kuwapeleka maternite, alibeba hata saruji ya Kabimba pale lori lilipokosekana.

Mimi mwenyewe niliwahi kupanda, nikamwuliza ile gesi inajuaje pa kusimama. Ni mara moja tu nilipomsikia akisema maneno mengi kwa mfululizo. Alifungua kapo, kile kifuniko cha motere, akanionyesha kopo la chuma kubwa kama mkebe wa tumbaku, na mpira mwembamba uliotoka kwenye kopo hilo kwenda kwenye motere.

"Motere inavuta pumzi, kama wewe," alisema. "Ikivuta, inavuta na huu mupira. Humu ndani ya kopo kuna ngozi. Mupira ukivuta, ngozi inainuka, gesi inapita. Motere ikizimika, haivuti tena, ngozi inashuka, gesi inajifunga. Njo ulinzi yake, ndiyo hiyo. Kama mupira ni muzima, watu ni wazima."

"Na kama si muzima?"

Alifunga kapo. "Kuna bomba ya mukono huku nyuma, kwenye chupa. Nikisimama, nafunga na hiyo."

Mama Angélique hakuridhika na ulinzi wa mpira wala wa bomba la mkono. Alikuwa akilala upande wa ukuta ulio mbali na ua. "Tunalala na bomu," alituambia kwenye mazoezi ya kwaya, kwa maana naye alikuwa mwimbaji. "Iko siku nitaamka niko mbinguni, na sufuria mukononi." Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. Akamwomba mumewe gari libarikiwe, na mumewe, ambaye hakumkatalia kitu, akakubali. Siku ikapangwa: harusi ya Louise, binti ya Salomon, maana gari lingekuwa limepambwa na padri angekuwa pale pale.

Wiki ya harusi, ule mpira ukapasuka. Joto la motere lilikuwa limeukausha hadi ukatoa nyufa kama kisigino cha mkulima. Motere ikawa inakosa pumzi na kuzimika. Papa Nicolas alitafuta mpira mwingine mji mzima. Wa karakana ulikuwa mnene mno, wa bandarini umeoza. Mwishowe Mama Agnès, muuguzi wa maternite, ambaye alikuwa amebebwa na gari hilo mara nyingi akiwafuata wajawazito majumbani, akamkatia kipande cha mpira mwekundu wa hospitali, ule laini wa kupitishia maji. Uliingia vizuri kabisa. Papa Nicolas aliwasha motere, akazima, akasikiliza kopo: gesi ilijifunga. Akajaribu tena. Ilijifunga. Alimshukuru Mama Agnès kwa kumletea kambale mbichi.

Jumamosi ya harusi jua liliwaka tangu asubuhi. Fiat ilisafishwa hadi ikawa inang'aa, ikafungwa utepe mweupe na maua ya bugenvilia. Shangazi za bibi harusi walijaza sanduku la nyuma kwa mikeka, sufuria mpya, na vitenge vya kutoka Kigoma, vyote vikalaliana juu ya chupa ya gesi. Papa Nicolas alipofika kanisani na Louise na shangazi wawili, gari lilikuwa limepanda mlima mzima kwa gia ndogo, limejaa, na motere ilikuwa moto kama tanuri. Akaliegesha pale alipoelekezwa, kando ya mfereji wa maji ya mvua, pembeni mwa ngazi. Akazima. Akazunguka nyuma afunge bomba la mkono, akakuta mlima wa mikeka na sufuria, na shangazi mmoja akimpigia kelele asiviharibu vitu vya watu. Akaacha. Si mpira ulikuwa mpya?

Misa ilikuwa ndefu. Tuliimba hadi koo zikakauka. Padri, mtu mnene mwenye sauti nzuri, alihubiri habari ya ndoa ya Kana, na watu walipotoka nje walikuwa na njaa na furaha. Sisi wa kwaya tulijipanga kwenye ngazi. Louise alitoka na mumewe Fidèle, shela lake likipeperuka, na kila mtu akashuka kulizunguka gari, kwa sababu ilitangazwa kwamba Padri atalibariki. Mbele alitembea Padri na maji ya baraka. Nyuma yake Bonaventure, katekista wetu, mwenye kanzu nyeupe, akikibembeza chetezo kwa minyororo yake, na makaa ndani yake yakiwaka mekundu kila kilipopita hewani.

Papa Nicolas alikuwa mlangoni mwa gari, amevaa koti la harusi la kuazima. Nilimtazama kwa sababu Mama Angélique, aliyekuwa kando yangu, alinigusa aniambie, "Tazama bwana yangu alivyo mzuri leo." Nikaona uso wake unabadilika. Pua yake ilipanuka. Akainamisha kichwa chini, kuelekea mferejini, kama mtu anayesikiliza. Kisha akageuka akamwona Bonaventure, na chetezo, na moshi.

Aliruka. Alimsukuma Padri kwa bega hata kofia yake ikadondoka, akamshika Bonaventure mikono yote miwili, akampokonya chetezo, akakikumbatia kifuani kama mtoto. Nilisikia koti lake likiungua. Kisha akakimbia. Alipanda ngazi akatupangua sisi waimbaji, akaingia kanisani, na pale karibu na mlango, penye birika la ubatizo, akakizamisha chote, minyororo na yote, ndani ya maji matakatifu. Sauti ile ya makaa majini, tssss, ndiyo sauti pekee iliyokuwa duniani.

Halafu kelele zikaanza. "Mwenda wazimu!" "Shetani amemuingia!" "Katika birika! Katika birika la ubatizo!" Watu wote waliokuwa wamelizunguka gari, wanaume mbele, wanawake nyuma, walimiminika kuja juu kanisani. Shangazi waliacha sufuria zao. Salomon, baba ya bibi harusi, ndiye aliyefika kwanza. Urafiki wao ulikuwa wa miaka, lakini alimpiga kibao ambacho mlio wake ulirudi kutoka madhabahuni.

"Ni harusi ya mutoto wangu! Umefanya nini? Umefanya nini, Nicolas?"

Papa Nicolas alikuwa amepigwa na wengine pia, mdomo umejaa damu. Alijaribu kusema. Mtu yule asiyesema, wakati ule mmoja aliohitaji kusema, hakuweza. Alinyoosha mkono kuelekea nje na kutoa sauti kama ya bata. Mama Angélique alikuwa amejitupa juu yake kumkinga, huku akilia, "Musimuue! Anaumwa! Musimuue!" Hata yeye aliamini kwamba mumewe amepatwa na wazimu. Mimi pia niliamini. Louise alisimama mlangoni na shela lake, midomo yake imekuwa myeupe.

Nje hakukuwa na mtu karibu na gari tena. Wote walikuwa wamelifuata tukio. Lakini mbali kidogo, chini ambako mfereji unapita penye ukuta wa shule, alikuwa ameketi Papa Basile, mjomba wa bwana harusi, mzee mvivu wa kupanda ngazi. Aliona zogo la watu kule juu, akasema moyoni wacha nivute sigara kwanza. Akawasha kiberiti.

Aliyeona ni yeye tu, na alituhadithia baadaye akiwa na bandeji usoni. Alisema moto ulitoka kwenye kiberiti chake ukaruka chini, ukaingia mferejini, ukapanda mlima. "Ulikimbia kama paka," alisema. "Paka ya bluu. Sikuelewa. Nilikuwa bado nashika kiberiti."

Sisi ndani tulisikia kishindo. Si mlio wa bunduki, tulikuwa tumeshauzoea huo miaka ile. Kilikuwa kitu kizito, kama mlango mkubwa wa chuma unaofungwa chini ya ardhi. Vioo vya upande ule vilianguka vyote kwa pamoja. Tuliokuwa mlangoni tuliona Fiat ikiinuka kidogo upande wa mbele, kisha miali ya moto ikalimeza gari, mikeka, vitenge, sufuria, bugenvilia. Utepe mweupe uliruka juu sana ukiwaka. Kisha chupa ya nyuma ikaanza kupiga mluzi, na watu wakalala chini kifudifudi, waliompiga Papa Nicolas na waliomtetea, wote kwenye sakafu moja.

Nakumbuka jambo dogo. Katika ule ukimya wa baada, Salomon alikuwa amelala chini kando ya Papa Nicolas, uso kwa uso, na mkono wake ule uliopiga ulikuwa umeshika shati la rafiki yake. Aliangalia nje, mahali binti yake angekuwa amesimama, penye doa lile jeusi.

Padri alikuwa wa kwanza kusimama. Alihesabu watu kwa kidole huku akinong'ona. Kisha akaketi kwenye benchi na kulia hadharani, jambo ambalo sijaliona tena kwa padri yeyote.

Hakuna aliyekufa. Papa Basile aliungua mikono na uso, nyusi zake zikaisha, lakini macho yalipona. Maharusi walikwenda kwenye sherehe kwa miguu, Louise amevua viatu, shela likinuka moshi, na tulipowaimbia njiani sauti zetu zilikuwa zinatetemeka hata wimbo haukujulikana ni upi. Chakula kilipakuliwa. Watu walikaa mbele ya sahani bila kula, mikono juu ya magoti.

Papa Nicolas hakuwepo. Polisi walikuwa wamemchukua. Komisaa, mkuu wao, alitaka kujua ni nani aliyeweka bomu kanisani, maana mwaka ule kila kishindo kilikuwa na siasa, na Papa Nicolas, mdomo ukiwa umevimba, hakuweza kumweleza vizuri. Salomon alikwenda kumtoa. Alikaa kwenye baraza ya polisi mchana kutwa, na alipoulizwa anamtetea kama nani, akasema, "Mimi njo nilimupiga." Hilo lilimchanganya komisaa zaidi, lakini mwisho walimwachilia.

Kilichompata baada ya hapo ndicho ninachotaka kukisimulia vizuri, kwa sababu wengi hukomea kwenye moto. Mji ulimfanya shujaa. Walisema aliona maono, walisema malaika alimnong'oneza. Wanawake walimletea kuku. Yeye alikaa uani, mahali gari lilipokuwa linalala, ameshika kipande cha ule mpira mwekundu kilichobaki. Mama Angélique alimwona akichemsha maji, akikitia ndani kilegee kwa joto, akikitia mdomoni, ncha ya pili ameiziba kwa kidole, na kukivuta pumzi. Kuta zake zilijikunja zikagusana. Alipokitoa mdomoni, hazikuachana. Zilikuwa zimenatana kama midomo ya mtoto anayekataa dawa.

Mama Angélique alisema uso wake ulikuwa wa kijivu kama majivu. Papa Nicolas aliwaita Mama Agnès na Salomon waje. Akawaonyesha: mpira ukipoa ulifanya kazi, ndiyo maana alipoujaribu nyumbani ulifanya kazi. Ukipata joto la motere iliyopanda mlima, ulijinata wenyewe. Pumzi iliyovutwa ilifungiwa ndani, ngozi ndani ya kopo ikabaki imeinuliwa, na gari likizimwa, gesi iliendelea kutoka kimya kimya wakati wote wa misa, ikishuka mferejini kwa sababu ni nzito kuliko hewa.

Mama Agnès alishika kichwa. "Ni mimi. Ni mimi nilikupa."

"Apana, Mama. Uliyonipa ni ya wagonjwa. Mimi njo nilitia kwa motere. Na bomba ya mukono sikufunga." "Wanasema niliokoa watu. Nilipeleka watu kwa moto, halafu nikaona moto. Njo hiyo tu."

Salomon alikaa naye hadi jua lilipoinama nyuma ya milima, akanywa maji, akaenda. Alirudi kesho yake, na siku iliyofuata.

Jumapili Papa Nicolas alimwomba Padri ruhusa ya kusema mbele ya watu. Tulifikiri atatoa shukrani. Alisimama karibu na lile birika, akaeleza habari ya mpira kwa maneno machache na mabaya, akitafuta kila moja. Alipomaliza, baadhi ya watu waliomletea kuku walitazama chini. Shangazi mmoja aliyepoteza sufuria alitoka nje. Kisha Papa Basile, na bandeji zake, alisimama nyuma kabisa akasema kwa sauti, "Mimi nilikuwa nataka tu kuvuta sigara," na watu, Mungu atusamehe, tulicheka, tukacheka hadi tukalia, na Padri hakutukataza.

Papa Nicolas alirudi kwenye breki za reli. Hakuendesha gari tena. Vita vya mwaka wa 1964 vilipofika mjini, yeye na Mama Angélique walipanda kwenda Moba kwa watu wake, na huko, alivyoniandikia Mama Angélique, walilima maharage kwenye mteremko wenye baridi. Alisema mumewe ameanza kusema zaidi kidogo, hasa na mbuzi. Na Louise alijifungua mtoto wa kike, akampa jina la bibi yake mzaa baba, na akatuletea kwaya sukari na chai. Tulimwimbia. Salomon alikuwa amemshika mjukuu wake, na mlango wa kanisa ulipobamizwa na upepo, sote pale, hata wale ambao hawakuwepo siku ile, tuliinama.